Shimo Tuliloomba Lifungwe

Jumapili, 2 Novemba 2025

Sijaandika humu tangu Agosti. Daftari lilikuwa chini ya gunia la ndengu, limeanza kunuka ndengu.

Ibada ya leo ilikuwa tamu. Ukuta wa kanisa jipya umefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na fundi Donald anasema Krismasi tutasalia ndani, mradi tuache kumpelekea chai iliyopoa. Kwa sasa bado tuko chini ya turubai.

Gibson hakuja. Ndugu yangu huyu, tumbo moja, tangu Juni hajakanyaga hapo. Aligombana na Mwinjilisti Zephaniah kuhusu mahali pa kujenga. Gibson alisema pale maji hupita mvua ikinyesha. Mwinjilisti akasema pameshaombewa. Gibson akamwambia mbele ya watu: unajikweza sana, kwani Mungu anasema na wewe peke yako? Akatoka. Familia tano zikamfuata. Siku hizi wanasalia kwa rafiki yake Kitonga, na wakimaliza tu, yeye na Kitonga wanaingia shimoni kutafuta mawe ya kijani, yale ya vito. Jumapili kama leo.

Kwa hiyo baada ya ibada sisi akina mama tulibaki kuomba. Mimi ndiye kiongozi wao, mimi ndiye niliyeongoza. Niliomba hivi: Bwana, lifunge lile shimo, ndugu zetu warudi nyumbani. Wakaitikia amina mara tatu. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Saa nane mvua imeanza. Kubwa. Ya kwanza tangu Mei, na hatukuitarajia mapema hivi. Nimeweka masufuria yote nje.

Saa kumi na moja — nimerudi kwenye daftari kwa mstari mmoja tu. Jirani yangu Pauline amekuja mbio, leso kichwani, anasema shimo limeporomoka na watu wako ndani. Watu gani? Ndugu yako na Kitonga. Naenda.


Jumatatu, 3 Novemba

Gibson yu hai. Kitonga amekufa.

Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Gibson alikuwa karibu na mdomo wa shimo, alitoka kwanza, akilia kama mtoto kwa sababu ya nyonga. Kitonga alikuwa ndani zaidi. Walipomfikia alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta kitu. Mwelu, mkewe, alisimama muda wote ameshika viatu vyake. Kitonga alikuwa akichimba miguu mitupu, viatu anaviacha juu visichafuke.

Asubuhi Mwinjilisti amekuja kunipa pole. Aliomba vizuri, hata machozi yalimtoka. Aliposimama kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini kama nakumbuka Hesabu kumi na sita. Nakumbuka. Kora, Dathani na Abiramu walimwambia Musa anajikweza, na nchi ikafunua kinywa chake ikawameza.

"Mimi sisemi kitu, Mama Shanice," akasema. "Mimi naona tu."

Kufikia saa sita kila mtu alikuwa ameona. Pale kisimani Gibson na wenzake tayari wanaitwa watu wa Kora. Pauline alisema hata maneno yao ni yaleyale, yule alisema unajikweza, huyu akasema unajikweza. Mwenzake akacheka akasema, angalau Kora hakuwa na pikipiki kama Gibson. Halafu wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono akaniambia, mama, maombi yako yana moto.

Alinisifu. Nimerudi na mtungi nusu.


Jumanne, 4 Novemba

Binti yangu Shanice amekuja kutoka Mwatate, amepewa ruhusa siku moja. Anafundisha jiografia huko sekondari. Ameleta mkate na dawa yangu ya presha.

Nilimweleza yote, pamoja na Kora. Hakunicheka, nashukuru. Alichukua kisahani, akamwaga sukari, akaisimamisha kwa kijiko kama ukuta. Akatia tone la chai pembeni. Ukuta ukakaa kidogo, ukakaa, halafu ukaanguka wote kwa mpigo.

"Ni hivyo tu, mama. Udongo mkavu miezi mitano, mvua moja nzito. Maji yanapita chini kabla hujaona kitu juu."

"Hiyo sukari ilikuwa ya jioni," nikamwambia.

"Tutainywa hivyohivyo."

Nikamuuliza, na Kora? Akasema, Kora mimi sikuwepo. Lakini kuna watu waliochunguza wanasema majangwani kuna sehemu zina ganda gumu juu, chini ni tope kama uji. Watu wakipiga kambi hapo wanaweza kukaa siku nyingi salama, ganda likipasuka limepasuka. Anaamini? Anasema inawezekana. Na Bahari ya Shamu je? Akaniambia nisome mwenyewe, Biblia inasema Mungu alileta upepo wa mashariki ukavuma usiku kucha. Upepo uko pale pale kwenye mstari, mama, hata wewe umeusoma miaka yote.

Ni kweli. Nimeusoma nikiuruka.

Lakini nilikuwa na swali langu. Hilo ganda, kwa nini lipasuke Musa alipomaliza kusema tu? Si jana yake, si kesho yake? Shanice akasogeza kikombe chake. Akazungusha kijiko.

Nilimshinda mtoto wangu msomi, na sikufurahi. Maana kama jambo ni saa, basi sisi tuliomba saa sita mchana na shimo likafungwa saa tisa.

Nikamwambia hilo. Akaweka kijiko chini. "Uliomba Kitonga afe?"

"Niliomba lifungwe."

"Uliomba warudi nyumbani, mama."

"Lilifungwa, Shanice."

Alikaa karibu nami mpaka wakati wake wa kuondoka. Alinioshea vyombo.


Jumatano, 5 Novemba

Nimetoka Voi hospitalini. Gibson amelazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito unaoning'inia. Uso umemkauka. Kuhusu Kitonga anajua. Alimsikia akiita, anasema, kisha hakumsikia.

Nilimlisha uji. Katikati ya uji akasema, "Dada, ile miti."

"Miti gani?"

"Kumi na miwili."

Naandika polepole hapa ili niandike sawasawa.

Kanisa letu tunalijenga kwa mwethya, kama wazee wetu walivyojengeana nyumba walipohamia huku. Kila nyumba inatoa mikono yake na fungu lake. Mwezi uliopita fungu lilikuwa miti kumi na miwili, ya fundi kupandia anapojenga juu. Karatasi ilibandikwa mlangoni kwa Mwinjilisti na majina ya nyumba zote. Yote yakapigwa alama, isipokuwa nyumba ya Mbuvi. Mbuvi ni baba yetu. Amelala chini ya ardhi hii miaka kumi na tisa, na jina lake linaning'inia pale wazi, watu wanapita wanasoma.

Nilikwenda kwa Gibson. Sikumsihi, nilimwaibisha. Nilimwambia agombane na Zephaniah apendavyo, lakini nyumba ile si ya Zephaniah ni ya Mungu. Nilimwambia baba angekuwa hai angejifunika uso. Siku ya tatu nikakuta miti kumi na miwili imeegemezwa ukutani. Nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba moyo wa ndugu yangu umeanza kulainika. Watu wakapiga makofi.

Kukata miti ranchini, kwenye miti ya karibu, hakuruhusiwi, sote tunajua. Sikumuuliza ameitoa wapi. Mimi, ninayemuuliza kila mtu kila kitu.

Aliitoa shimoni. Ndiyo iliyokuwa imeshikilia ukuta wa kushoto. Kitonga alimwambia acha hata minne. Yeye akasema mvua bado wiki mbili, kabla ya hapo atakuwa ameleta mingine.

"Kwa nini hukunikatalia?" nikamuuliza.

"Wewe unakatalika?"

Alijaribu kutabasamu, mbavu zikamkataza. Akaniomba nisimwambie Mwelu. Akitoka atamwambia mwenyewe. Daktari anasema kutoka ni baada ya miezi miwili.

Uji ulipoa, nikaumalizia mimi.


Alhamisi, 6 Novemba

Nilipitia kanisani makusudi. Miti yetu ni rahisi kuijua, miguu yake ina udongo mwekundu uliogandamana hadi urefu wa mkono. Mmoja una msumari. Nadhani walikuwa wakitundika taa hapo.

Donald alikuwa juu yake, anapiga mluzi.

"Fundi, hiyo miti ni imara?"

"Hii ya nyumba ya Mbuvi? Mama, hii ndiyo miti. Hiyo mingine ya mwethya ni kuni tu, mimi naikanyaga nikiwa nimetubu."

Nilicheka. Mdomo ulicheka.

Mwinjilisti alinikuta hapo. Maziko ya Kitonga ni Jumamosi, yeye hatakwenda. Alinieleza bila ukali wowote, kama mtu aliyefikiri sana. Alisema nchi ikimmeza mtu, kisha kanisa likaenda kumwimbia kama mwenzake, tutakuwa tumemwambia Mungu kwamba hatukumsikia. Kuhusu akina mama kwenda kupika na kuimba, uamuzi ni wangu. Lakini Jumapili msomaji ni mimi, na somo ni Hesabu kumi na sita. Niangalie hayo mawili yatakavyokaa pamoja.

Sio mtu mbaya. Baba Shanice alipofariki, mto ulikuwa umejaa, na Zephaniah alivuka na jeneza begani, maji kifuani. Na akina mama walinipikia siku nne. Ninajua maziko yenye kanisa yalivyo. Yasiyo na kanisa sijawahi kuona hapa kwetu.

Jioni nilisoma Hesabu yangu. Kila mwaka huwa tunasoma mpaka nchi inapofunika, tunafunga Biblia. Leo niliendelea. Kesho yake watu wote walimlalamikia Musa kwamba ameua watu wa Bwana. Tauni ikaanza. Musa akamtuma Haruni, naye akakimbia — mzee yule, na chetezo mkononi — akasimama kati ya waliokufa na walio hai. Hakusimama pembeni akisema naona tu.

Nikaendelea hadi sura ya ishirini na sita. Mstari mfupi kabisa: wana wa Kora hawakufa. Miaka arobaini kwenye wokovu na huo mstari sijahubiriwa. Na juu ya Zaburi ya arobaini na sita, ile ya Mungu kimbilio letu, tunayoiimba ardhi ikitetemeka na milima ikihama, imeandikwa ni ya hao hao, wana wa Kora. Watoto ambao ardhi iliwamezea wazee.

Hiyo haijanijibu ni nani aliyelifunga shimo. Lakini nilikaa nayo.


Ijumaa, 7 Novemba

Nilimkuta Mwinjilisti shambani kwake anapanda kunde. Nikachukua mstari wa pili, tukapanda pamoja, nikamwambia. Miti, karatasi ya mlangoni, aibu niliyomtia Gibson, ukuta wa kushoto. Sikuacha kitu. Nilipomaliza tulikuwa tumefika mwisho wa shamba.

Alikaa chini kwenye tuta.

"Nani mwingine anajua?"

"Gibson. Shanice nilimpigia jana. Na Mungu."

Akasugua udongo mikononi. Kisha akasema jambo ambalo nilijua atalisema, maana usiku nililisema mimi mwenyewe. Alisema Mungu hana haja ya kushuka na mikono yake. Bahari ya Shamu aliipasua kwa upepo. Nzige wa Misri aliwaleta kwa upepo. Mvua ni yake, udongo ni wake, na miti pia inaweza kuwa upepo wake. Kujua jambo limetokeaje si kujua limetoka kwa nani.

Hapo alisema kweli. Nakubali mpaka sasa. Lakini nikamjibu.

"Mwinjilisti, upepo mimi sikuufuata nyumbani kwake nikauambia baba yako anaona haya. Miti niliiomba. Ikaletwa. Tukapiga makofi."

"Unataka kusema kanisa limeua mtu?"

"Nataka kusema Kitonga alitaka iachwe minne, na sisi tunamwita Kora."

Akaniangalia vibaya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Halafu macho yakashuka. Akasema nikisema haya hadharani, familia zilizobaki zitagawanyika tena, na ukuta ule utabaki bila mabati. Ndugu za Kitonga wako wa kutosha, wengine wana hasira, na Gibson hawezi hata kujigeuza kitandani. Nimefikiria hilo? Nimelifikiria. Na mimi mwenyewe, akina mama watakubali kuongozwa na mtu wa namna hiyo? Hilo nalo nimelifikiria, mara nyingi kuliko inavyofaa.

Akaniomba nisubiri mpaka Krismasi. Aliomba, hakuamuru. Nilimwambia Mwelu anazika kesho, sio Krismasi.

Akainuka, akatazama mstari wangu. Mwishowe akasema kunde zangu nimezipanda karibu karibu sana.

Nilitoka hapo nikapita nyumba sita za akina mama. Nilisema tu: kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa Mwelu, njooni na visu na sauti zenu. Pauline aliuliza, na Mwinjilisti amesema nini? Nikamwambia uamuzi aliniachia mimi. Akauliza tena, kwa hiyo yale ya Kora tunayaacha? Nikamwambia aje na sufuria yake kubwa. Akasema mama, wewe leo una mambo. Lakini atakuja.


Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne na nusu asubuhi, kwa marehemu Kitonga. Nimekuja na daftari kwa sababu niliandika humu maneno ya kusema. Sasa nimeyasoma, hayafai. Yanazunguka.

Wamekuja watano kati ya sita. Pauline yuko jikoni anatawala, amemgombeza kila mtu kuhusu mchele. Zile familia tano nazo zipo. Mwanzoni walikaa upande wao na sisi upande wetu, lakini vitunguu vilikuwa vyao na visu vyetu, kwa hiyo wamechanganyika.

Mtu wa programu ni mjomba wa marehemu. Amenionyesha karatasi. Neno la familia, neno la majirani, neno la kanisa. Hapo kwenye kanisa hapana jina. Akaniuliza niandike nani. Nikamwambia aandike Mama Shanice. Akaandika, akauliza, dakika ngapi? Nikasema sijui. Akaandika tano.

Mwinjilisti yuko barabarani, ng'ambo ya uzio. Amevaa suti yake nyeusi. Haingii, haondoki. Mzee mmoja alimpelekea kiti, amekataa, amesimama.

Nimefikiri hivi tangu alfajiri. Sijui Mungu alikuwa na neno gani na Kitonga. Ninamwogopa, ninampenda, na siwezi kumsemea. Yangu ninayajua. Kama nitayasema kule mbele, Mwelu atayasikia kwenye spika, pamoja na watu mia tatu, jeneza la mumewe likiwa pale. Hiyo itakuwa kumwaibisha mtu mwingine tena. Akisikia, asikie kwangu kwanza, kwenye chumba chake, mlango umefungwa. Aniulize anachotaka. Na akisema nisisimame mbele, sitasimama. Akisema niondoke na akina mama wangu, tutaondoka. Gibson alitaka amwambie mwenyewe baada ya miezi yake miwili; hilo sitampa, na nitamweleza kwa nini.

Watu wanaanza kuketi. Spika inajaribiwa, moja mbili, moja mbili.

Mwelu ameinua pazia la chumbani. Leso ya kichwani imemshinda. Ananiita nimfungie. Anaona daftari.

"Unaandika nini tena, dada? Ingia, tutachelewa."

Nimemwambia niko na neno naye kwanza. Amesema basi ingia nalo. Amenisogezea nafasi kitandani.